Msumeno Unaoufuata Mti

Katika historia tuliyofundishwa darasani tulijifunza habari za katani, pamba, kahawa na karafuu. Tulijua nani alilima, nani alinunua, na mazao yalipelekwa wapi. Habari za ubao hatukufundishwa. Hata hivyo kila mmoja wetu aliandikia juu ya deski la mbao, aliketi kwenye benchi la mbao, na usiku alilala chini ya kenchi zilizoshika bati la bweni.

Kamati ya jarida letu imeniomba niandike jambo la historia litakalowafaa wazee waliokwisha kustaafu na vijana walioko kidato cha kwanza. Nimechagua ubao, na hasa swali moja: mti ukishaangushwa, je, gogo lipelekwe kwenye msumeno, au msumeno upelekwe kwenye gogo? Swali laonekana dogo. Lakini nitajaribu kuonyesha kwamba katika nchi yetu, kila jibu la swali hili lilipobadilika, alibadilika pia mtu anayefaidi mti.

UZITO WA GOGO

Wahenga walisema gogo haliendi ila kwa nyenzo. Tuanzie hapo. Gogo la mvule lenye kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa zaidi ya mita za ujazo 3, na likiwa bichi uzito wake hupita tani 2. Hakuna kijiji kinachobeba kitu hicho mabegani. Tena sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, gome, mabanzi na unga. Ndiyo kusema anayesafirisha gogo zima husafirisha na takataka zake.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya msumeno kufika bara. Mtumbwi ulichongwa pale pale mti ulipoanguka, ukapunguzwa uzito, kisha ndipo watu wakaitana kuukokota hadi majini. Ubao nao ulipatikana kwa shoka na tezo. Gogo lilipasuliwa kwa kabari, kisha kila upande ukachongwa mpaka ukawa bapa. Kazi ilikuwa nzuri lakini ilikula mti: gogo moja lilitoa mbao chache mno, na mlima wa vibanzi ukabaki chini.

MTU WA JUU NA MTU WA CHINI

Msumeno wa shimo ndio uliobadili hesabu hiyo. Ulikuwa umetumika Ulaya kwa karne nyingi. Huku kwetu ulienea pamoja na karakana za pwani na za misheni. Kule Bagamoyo, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao mwaka 1868, vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kazi za mikono pamoja na kusoma. Mafundi waliotoka katika karakana za namna hiyo walikwenda na ujuzi wao hadi bara.

Vijana wa leo wengi hawajauona msumeno huo ukifanya kazi, basi niueleze. Gogo liliviringishwa juu ya shimo lenye kina cha kimo cha mtu, au juu ya jukwaa la nguzo pale mlima ulipokuwa mkali. Uzi uliopakwa masizi ulinyooshwa kutoka ncha hadi ncha, ukavutwa na kuachiwa ghafula, ukaacha mstari mweusi. Mtu wa juu alisimama juu ya gogo akiufuata mstari ule kwa macho. Mtu wa chini alisimama shimoni akiuvuta msumeno.

Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa shimo haukuwa hivyo. Ulikata uliposhuka tu, na ulipopanda ulirudi mtupu. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa kukata ulikuwa wa mtu wa chini, na unga wote ulimwangukia yeye, machoni na mabegani. Mtu wa juu ndiye aliyehesabiwa fundi. Yeye ndiye aliyenoa meno kwa tupa na kuyapinda kulia na kushoto kwa zamu, ili njia ya msumeno iwe pana kidogo kuliko bapa lake na msumeno usikwame.

Jambo kubwa kwa habari yetu ni hili: chombo chote kilibebwa na watu wawili. Msumeno, shoka, tupa, uzi, sufuria ya ugali, basi. Waliufuata mti ulipo, wakalala karibu nao, na kilichoshuka mlimani kilikuwa mbao tayari, vichwani mwa wachukuzi.

RELI, WAYA NA MVUKE

Utawala wa Wajerumani ulikuja na jibu la pili. Mwaka 1904 walitoa amri ya kuhifadhi misitu, na sehemu kubwa za misitu zikawekwa mikononi mwa serikali. Mwanakijiji aliyekuwa akikata mti bila kumwuliza mtu, sasa alitakiwa kuomba ruhusa. Papo hapo makampuni yalileta mashine za kupasua mbao zilizoendeshwa kwa mvuke. Mashine ya mvuke na tangi lake la maji haihamishwi kila mti unapoanguka. Ikabidi gogo ndilo lisafiri.

Tazama gharama iliyoingiwa ili gogo lisafiri. Kutoka Tengeni, kwenye Reli ya Usambara, ilijengwa reli ndogo kupanda hadi Sigi, chini ya Amani, hasa kwa ajili ya mbao. Upande wa Usambara Magharibi, kampuni ya Wilkins & Wiese iliweka njia ya waya wa angani kutoka msitu wa Shume hadi stesheni ya Mkumbara bondeni. Njia hiyo ilikuwa ikifanya kazi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza mwaka 1914. Mzigo wake mkubwa ulikuwa mwangati, mti wenye harufu nzuri na nyuzi zilizonyooka, uliotakiwa Ujerumani kwa kutengenezea penseli. Mtoto wa shule kule Ulaya alichonga penseli ya mwangati wa Shume wakati mtoto wa Shume hajapata shule.

Hapa ndipo mwenye faida alipobadilika. Mpasuaji wa shimo alikuwa na msumeno wake, na aliweza kuuliza bei ya ubao. Mfanyakazi wa kiwanda cha mvuke aliuza nguvu zake kwa siku, na ubao hakuujua tena ulikokwenda.

MASHINE YAJIFUNZA KUTEMBEA

Jibu la tatu, yaani mashine inayohama, halikuzaliwa kwetu, na itatubidi tuvuke bahari kidogo ili tulielewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilikuwa ikiagiza mbao nyingi kutoka ng'ambo. Nyambizi za Wajerumani zikawa zinazamisha meli, na mbao zachukua nafasi kubwa melini. Februari 1916 serikali ya Uingereza iliiomba Kanada ilete wapasuaji badala ya mbao. Kikosi cha 224 kikavuka Atlantiki, na vingine vikafuata, pamoja na mashine zao. Walipasua miti iliyosimama Uingereza, Scotland na Ufaransa, na msitu ulipokwisha walifungua mashine wakahamia mwingine. Vita vya pili vilipokuja, Wakanada waliitwa tena kwa kazi ile ile.

Baada ya hapo mashine zilizidi kuwa nyepesi. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929. Mwanzoni ulihitaji watu wawili. Kufikia mwaka 1950 kampuni yake ilikuwa na wa kushikwa na mtu mmoja. Huo ndio chenso tunaoujua. Mwaka 1982 kampuni ya Wood-Mizer ya Indianapolis, Marekani, ilianza kuuza mashine ya msumeno wa mkanda inayovutwa nyuma ya gari dogo. Mkulima aliweza kuiweka shambani mwake, akalaza gogo, na kichwa cha mashine kikapita juu ya gogo kwenye reli zake. Gogo halisogei, msumeno ndio unaosogea. Ni hekima ile ile ya msumeno wa shimo, ila mtu wa chini amepumzishwa.

MISITU YA KUPANDWA NA MIKONO YETU

Turudi nyumbani. Miti ya asili ilipozidi kupungua, nchi ilianza kupanda. Shamba la Sao Hill, wilayani Mufindi, lilianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1930, likapanuliwa sana tangu miaka ya 1960. Leo eneo lake lote linapita hekta 130,000, na ndilo shamba kubwa la miti la serikali nchini. Njombe nako kampuni ya miwati ilianza mwaka 1949. Baada ya Azimio la Arusha, shughuli za mbao ziliwekwa chini ya shirika la umma, TWICO, lililoundwa mwaka 1971. Chuo cha Viwanda vya Misitu kilifunguliwa Moshi mwaka 1975, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikazinduliwa mwaka 1985.

Yalikuwa mawazo makubwa, na wengi wa wazee wetu walijenga maisha yao humo. Lakini kiwanda kikubwa kina udhaifu wake. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba, na kiwanda kikikosa beringi moja ya kuagizwa nje husimama kizima, magogo yakaoza uwanjani. Wakati huo huo wananchi walikuwa wameona. Katika Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete na Ludewa, watu walianza kupanda misindano na milingoti kwenye mashamba yao wenyewe: ekari moja, ekari mbili, ekari kumi. Walimu na watumishi wakafuata. Mti ukawa akiba ya mtu asiye na benki.

Miti hii ya watu wadogo haikuweza kungoja kiwanda kikubwa. Ikaja mashine watu waliyoipa jina la dingidongi, kutokana na kelele zake. Ni meza ya chuma, msumeno wa duara, na injini ya dizeli au trekta. Hupakiwa kwenye lori asubuhi, na mchana inapasua mbao kijiji kingine. Vijana wanne au watano hulisukuma gogo kwa mikono kuelekea kwenye meno. Hapana shaka mashine hii imejenga nyumba nyingi kuliko kiwanda chochote. Vile vile imechukua vidole vingi, kwa kuwa mara nyingi msumeno wake hauna kinga yoyote.

HESABU YA UNGA

Mimi nilipanda misindano kijijini kwetu mwaka 2005, nilipoanza kazi serikalini. Ilipofika wakati wa kuvuna, mnunuzi alikuja, akasimama barabarani, akahesabu mashina. Hakupima hata moja. Alitoa bei ya shamba zima kwa kuangalia tu. Mimi nilikuwa na mshahara, nikaweza kumkatalia na kukodi mashine ya mkanda. Jirani yangu, mzee aliyekuwa akisomesha wajukuu wawili na karo ikidaiwa wiki ile, hakuwa na nafasi ya kukataa. Miti yake ilipasuliwa kwa dingidongi mbele ya macho yake. Alikaa kwenye kisiki akatazama malori mawili yakiondoka, kisha akanijia.

"Mwanangu," alisema, "wewe umesoma. Hebu niambie, mti wangu mmoja ulikuwa na mbao ngapi?"

Swali hilo lastahili jibu la hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Chukua gogo lenye kipenyo cha milimita 300 kwenye ncha nyembamba, bila gome. Tunataka mbao za upana wa milimita 200 na unene wa milimita 25, zile ambazo mafundi huziita moja kwa nane. Chora duara la mwisho wa gogo, na ndani yake mstatili wenye upana wa 200. Ulalo wa mstatili ni 300. Kwa kanuni ya Pythagoras, 90,000 kutoa 40,000 ni 50,000, na kipeuo chake cha pili ni karibu 223. Basi tuna kimo cha milimita 223 cha kugawanya.

Msumeno wa mkanda hula kama milimita 2.5 kila unapopita. Mbao 8 zahitaji milimita 200, na mikato 7 katikati yake hula 17.5. Jumla ni 217.5. Zinaenea. Chenso hula kama milimita 9. Mbao 7 zahitaji 175, na mikato 6 hula 54. Jumla ni 229. Hazienei, na unabaki na mbao 6. Mbao 2 katika kila 8 zimekuwa unga na banzi, kwa gogo lile lile, jua lile lile na jasho lile lile.

Na hapo tumedhani kwamba gogo limenyooka na mkono haukutetereka. Kwenye dingidongi, gogo husukumwa kwa mikono, na ubao hutoka mnene upande huu na mwembamba upande ule. Kwa hiyo ingawa msumeno wake wa duara haupotezi mti mwingi kama chenso, mara nyingi kinachopatikana ni karibu theluthi moja ya ujazo wa gogo, wakati mashine ya mkanda inayotunzwa vizuri hufikia nusu na zaidi.

Nilimweleza mzee hesabu hii kwa kuchora chini kwa kijiti. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi mimi niliuza mashina. Yeye alinunua mbao." Sijasikia historia ya biashara ya mbao ikielezwa kwa maneno machache zaidi.

UPANDE WA PILI WA MENO

Nisieleweke kwamba mashine ya kuhama haina ubaya. Chombo kinachomfikisha mwenye mti kwenye mti wake humfikisha mwizi vile vile. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege juu ya misitu ya Kilimanjaro mwaka 2001 ulikuta zaidi ya miti 2,000 ya kamfa iliyokatwa kinyume cha sheria. Mti wa kamfa hauangushwi ukachukuliwa mzima kutoka kwenye korongo la mlima. Ulipasuliwa palepale, mbao zikashuka usiku. Mwaka 2005 msitu ule uliingizwa katika hifadhi ya taifa.

Ndiyo maana kuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kuna vibali, kuna nyundo ya kugonga alama kwenye magogo, na kuna nyaraka za kusafirishia mbao. Najua wananchi huzilalamikia. Mwenye shamba lake mwenyewe huona ajabu kuombwa karatasi kwa mti alioupanda kwa mkono wake. Nami kama mtumishi nasema pande zote mbili zina haki. Msitu wa wote lazima ulindwe, na mkulima wa miti lazima apate karatasi yake kwa siku moja, bila kuzungushwa, maana kila siku anayongojea ofisini ni siku ambayo mnunuzi wa barabarani anaonekana mwema.

Kwa bahati njia imeanza kuonekana. Wakulima wa miti wameunda vikundi katika wilaya nyingi za nyanda za juu. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliofanywa na Tanzania na Ufini tangu mwaka 2014, ulisaidia kufundisha upandaji, upimaji na upasuaji. Mashine ya mkanda ni ghali kwa mtu mmoja mwenye ekari mbili, bali si ghali kwa watu arobaini wenye ekari themanini. Lakini mashine peke yake haitoshi. Reli zake zisipowekwa sawa kwa pimamaji, ubao utatoka umepinda. Mkanda usiponolewa utatangatanga ndani ya gogo. Na mbao mbichi zikirundikwa bila vijiti vya kuzitenganisha zitaoza na kupindana, na faida yote itakwenda.

KWA VIJANA MLIOKO SHULENI

Nina kazi moja kwenu. Siku moja ombeni ruhusa, chukueni ngazi na tochi, mkatazame kenchi za majengo ya zamani na ya sasa. Ubao usiopigwa randa huhifadhi nyayo za msumeno wake. Mkiona alama zilizonyooka lakini zisizo sawa, hizi zimelala hivi na zile vile, hapo walisimama mtu wa juu na mtu wa chini. Mkiona alama za tao, kama sehemu ya duara kubwa, huo ni msumeno wa duara, wa kiwanda au wa dingidongi. Mkiona mistari myembamba, iliyonyooka na kufuatana kwa usawa, huo ni mkanda. Mtakuwa mmesoma miaka mingi ya nchi hii bila kufungua kitabu.

Na mtakaporudi nyumbani likizo, chukueni utepe wa kupimia. Wazazi wenu wengi wana miti. Pimeni vipenyo, andikeni daftarini, fanyeni hesabu niliyoionyesha, mwaoneshe wazazi kabla mnunuzi hajafika. Pythagoras hakufundishwa kwa ajili ya mtihani peke yake.